Mama Ameshiba

Kodambakkam, Madras
10 Machi 1952

Baba, shikamoo.

Mimi sijambo, kikohozi kimeisha. Magoti yako je? Nisalimie dada Ponnuthai anayekusomea.

Hapa studio tunajenga hekalu la mbao na plasta. Filamu ni ya wale watu wa chama wasiotaka makuhani. Jana mwandishi wa maneno ya waigizaji alikuja kukaa na sisi maseremala, akauliza nani katoka nyumba ya kuhani. Mimi huwa sisemi, unanijua, lakini wenzangu walinisukuma. Nikamsimulia mwaka wa ukame: wewe kuhani unaweka chungu cha wali mbele ya mungu wetu wa kike, Mama, unafunga mlango, ukitoka unasema, "Mama ameshiba," ndipo chungu kinakuja nyumbani. Alicheka mpaka machozi. Akaandika. Nilifurahi, Baba. Mtu mkubwa hajawahi kunisikiliza.

Mwanao,
Sudalaimuthu

Madras
2 Novemba 1952

Baba, shikamoo.

Barua tatu hujajibu. Kama unaumwa, dada aniandikie.

Filamu imetoka. Kuhani wao ana kitambi. Anajifungia na chungu, anatoka anafuta mdomo, anasema maneno yako. Watu wanapiga miluzi. Jumapili chama kilikuwa na mkutano ufukweni, watu hawahesabiki. Msemaji akitaja makuhani, wote wanaitikia, "Mama ameshiba!" Seremala mwenzangu akanipiga begani: "We mwenye maneno, mbona kimya?"

Niliitikia, Baba. Kwa sauti ndogo, lakini niliitikia.

Niambie tu kama lile hema la sinema linalozunguka vijijini limefika huko.

Mwanao,
Sudalaimuthu

20 Novemba 1952

Mwanangu, marahaba.

Tu wazima. Magoti ni yaleyale. Anaandika dada yako.

Hema lilifika wakati wa sikukuu ya Deepavali. Siku hizi nikipita kisimani vijana wananiuliza, "Babu, Mama kashiba leo?" Wazee wa kijiji wameniambia nipumzike, ufunguo wa hekalu wamempa binamu yangu. Sikubishana.

Nilikwenda kuiona. Nilikaa mchangani na hao hao vijana. Yule kuhani ni mwizi, hata mimi nilimcheka kidogo. Wako wa namna ile, nawajua. Mwandishi wako hakukosea.

Ila wewe ulikuwa mdogo, hukuona. Nikifunga mlango nilikuwa namwomba Mama ruhusa, maana chakula chake hakiguswi mpaka aridhike. Wali ule mlikula wewe na Ponnuthai. Mimi na marehemu mama yako tulikunywa maji tuliyosuuzia chungu. Nilisema kashiba ili nanyi mle bila woga.

Dada yako kaacha kuandika, analia. Nimemwambia amalize.

Vijana wameshajua maneno yale yametoka kwako. Wanasema kijiji kimezaa mtu, wanataka kukupokea kwa ngoma na shada la maua. Kwa hiyo usije kwanza, mwanangu. Si hasira. Ukija watakubeba mabegani, watakupitisha hapa mlangoni, nami itabidi nitoke nje nitazame.

Baba yako