Risasi Nne Kikapuni

Songambele,
13 Juni 1954

Baba mpendwa,

Kwa hiyo hapana, mume wangu Protase hajaua nyati kwa zile risasi tano ulizojaza mwenyewe ukampa tulipokuja kuwasalimu baada ya harusi, na sababu nitakueleza hata kama Mama atasema ndoa imenivua haya. Lakini kwanza shikamoo, Baba. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Sisi huku ni wazima kabisa. Mimi nanenepa, maana mume wangu anapika ndizi na maharage vizuri kuliko mimi. Usimwambie mtu.

Jumamosi nilikuta risasi zako nne kikapuni, zimefungwa kwenye kitambaa.

"Zawadi ya baba yangu unaificha kama yai viza?" nikamwuliza.

Akaendelea kumenya ndizi. Unawajua hawa askari wa wanyamapori, kunyamaza ndiyo kazi yao. Nikasusa chakula. Hapo ndipo aliponiita mlangoni penye mwanga, akaniwekea kiganjani maganda mawili ya risasi zilizokwisha kupigwa. Baba, laiti ungeiona ile mikono! Mipana, imechubuka, na bado inashika ganda la shaba kama inashika kifaranga.

Ganda moja lilikuwa la risasi ya dukani. La pili lilikuwa la ile risasi yako ya tano, aliyoijaribu kwenye kichuguu. "Tazama kitako," akasema. Fataki ya lile la dukani, yaani kile kidude cha katikati kinachowasha baruti, ilikuwa bado na kingo za mviringo. Yako ilikuwa imelala bapa, imejaa tundu lake lote. Na juu kidogo ya kitako kulikuwa na pete inayong'aa, pale shaba ilipovutika. Akasema pia kwamba baada ya kupiga, komeo la bunduki liligoma kufunguka mpaka akaligonga kwa kiganja.

"Presha ya baruti imezidi," akaniambia. "Leo limegoma komeo. Siku nyingine ganda litapasuka, na moto utarudi nyuma, kwenye uso wa mpigaji."

"Mbona hukumwambia Baba?"

"Mkwe amsahihishe baba mkwe? Afadhali nyati."

Basi nakuambia mimi. Risasi ulizojaza mwenyewe usizipige kwanza, Baba. Nakupenda wewe na macho yako yote mawili.

Binti yako,
Verdiana


Ihembe,
20 Juni 1954

Mwanangu Verdiana,

Marahaba. Mama yako mgongo bado unamsumbua, mimi sijambo, kahawa inaiva. Barua yako nimeisoma mara mbili. Kwa jinsi inavyosifu mikono ya mume wako nilidhani bado tuko kwenye posa.

Mimi nilibeba bunduki ya Mwingereza nikiwa askari wa Keya mpaka Burma, mume wako akiwa hajaota ndevu. Vyombo vya kujazia risasi niliachiwa na Mzungu wa machimbo ya bati alipoondoka Kyerwa, na alinifundisha mwenyewe. Kijiko cha baruti ni kilekile alichonikatia. Kijiko kimoja, risasi moja. Sijawahi kuongeza hata chembe. Bunduki ikipiga teke, hiyo ni nguvu, na nyati si kware.

Asiyependa zawadi yangu aje aseme mwenyewe, asitume mke. Huku nyati ameonekana bondeni, amevunja migomba ya watu, nao wamekuja kuniomba. Siwezi kuwaambia wangoje mpaka binti yangu aridhike.

Baba yako,
Rwegasira


Songambele,
24 Juni 1954

Baba yangu,

Shikamoo. Nimelia, kisha nikafika pale pa posa nikacheka, kisha nikalia tena. Mpe Mama pole ya mgongo.

Nilipomsomea Protase habari ya kijiko, alisimama ghafla. "Kijiko ni kilekile," akasema, "lakini baruti ni ileile?" Aliuliza kwa sauti ya chini, kwa heshima, kama vile umekaa hapa kwetu. Ndiyo maana nampenda! Anasema baruti hazifanani. Kuna nzito na nyepesi, na kuna inayowaka haraka kuliko nyingine. Kijiko kilichoifaa baruti ya kopo moja kinaweza kuwa hatari kwa baruti ya kopo jingine, ingawa kwa macho ni kijiko kilekile kimoja.

Baba, maganda yako yapeleke dirishani, uyaweke karibu na la dukani. Kama fataki zako bado zina kingo za mviringo, nitakuja nikupigie magoti. Na kama komeo lako limewahi kugoma, hata mara moja, tafadhali usiniambie ilikuwa kutu.

Binti yako,
Verdiana


Songambele,
9 Julai 1954

Baba,

Shikamoo. Lori la kahawa limetoka Ihembe mara mbili bila barua yako. Leo dereva amesema alisikia mlio wa bunduki bondeni kwenu, hakusimama kuuliza. Protase amekaa na kofia mkononi, hali chakula. Andika hata neno moja, au Mama aandike.

Verdiana wako


Ihembe,
15 Julai 1954

Mwanangu,

Marahaba. Macho yangu yote mawili ndiyo yanayoiangalia kalamu hii.

Mwanzoni sikukujibu kwa hasira, halafu sikukujibu kwa aibu. Mlio ule ulikuwa wangu. Nyati ameanguka na nyama imegawanywa. Lakini nilimpiga kwa risasi za dukani, zile mbili nilizokuwa nimebakiza, na aliyesababisha ni wewe na kutu yako. Wakati wa masika komeo lilinigomea, nikaligonga kwa kipande cha kuni, nikamwambia mama yako ni kutu. Aliposoma barua yako alicheka mpaka akasahau mgongo.

Nikayapeleka maganda dirishani. Yote yana fataki bapa. Moja lina ufa mwembamba karibu na kitako, mwembamba kama unywele. Kopo la Mzungu liliisha mwaka jana. Hili la sasa nililinunua kwa mfanyabiashara, na chembe zake ni ndogo zaidi. Sikufikiri. Nilichota tu.

Mume wako ana jicho. Mwambie nimesema hivyo. Lakini pia mwambie kwamba adabu yake ilikaribia kunizika. Aje anifundishe. Kama hawezi kunisahihisha usoni, tutafanya hivi: mimi nitakaa nimempa mgongo, yeye aseme na wewe, na wewe useme na mimi.

Baba yako,
Rwegasira


Songambele,
18 Julai 1954

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo mara nyingi, wewe na Mama na mgongo wake uliopona kwa kicheko!

Nilimsomea Protase barua yako, akachukua kofia, akatoka. Nikamfuata kibanjani. Nikamkuta amesimama mbele ya mgomba, kofia kifuani, anafanya mazoezi: "Verdiana, mwambie Baba, kwa heshima zote, kijiko hiki kitupwe." Nilijificha nikamtazama mpaka machozi yakanitoka. Baba, umenipa mume gani huyu!

Zile risasi nne tunazileta kwenye kitambaa kilekile. Anasema zawadi ya baba mkwe hairudishwi. Itafunguliwa mezani pako, baruti imwagwe, halafu uzijaze upya mbele yake kwa kipimo kipya. Hapo ataipokea mara ya pili, na hii ataibeba kifuani.

Weka kiti chako kielekee dirishani na cha Protase kielekee mlangoni. Changu kiwe katikati. Tutafika kabla mwezi huu haujaisha.

Binti yako,
Verdiana