Udongo Nyeusi Ilimumeza Mado

Yaya Feza, dada yangu mukubwa, jambo yako na ya wote pale Bafwasende!

Yaya, moyo yangu ingali inapiga mbio. Jana bokilo ya mutoto yako Mado, ile mama ya bwana yake tunamusemaka vibaya, alitupeleka na bamama wengine kukausha maji ya potopoto, ile ya matope, tukamate samaki. Huku Kisangani udongo ya chini iko nyeusi, laini sawa fufu ya maji. Mado akaruka na miguu mbili, sawa kwenye udongo yetu nyekundu ya Bafwasende. Mama eeh! Ikamumeza mpaka kifua!

Miye nikalia tu. Bokilo akapiga kelele: "Mujinga ya udongo nyekundu, usipige miguu! Lala!" Halafu yeye mwenyewe akajitupa kwa tumbo sawa ubao, bamama wakamushika miguu. "Panda juu ya mugongo yangu!" Mado akatambaa juu yake, akatoka. Muzee yule, uso yote potopoto! Akatema, akasema: "Bon, kamateni bitunga, samaki inakimbia."

Yaya, usilie tena juu ya Mado. Iko na mama huku. Na ile maneno yote tulimusemaka, sasa tuimeze.

Nawakumbatia wote,
mudogo yako wa kusema mingi,
Asina