Umesimama Getini Tena

Baba Josphat, mume wangu,

Agneta, kitinda mimba wetu, amenipigia simu asubuhi akilia. Anasema umesimama getini tena tangu kupambazuke, na baridi ya Molo unaijua, na koti umekataa. Lori za viazi zikipunguza mwendo pale konani unazipungia mkono. Dereva akisimama unamuuliza, "Umemuona bibi yangu? Walimchukua pamoja na wale wengine." Kuna madereva wanaokucheka. Kuna wanaokuambia atakuja kesho, mzee, nawe unawashukuru.

Hakuna aliyenichukua, Baba Josphat. Nilianguka jikoni kwetu nikavunjika nyonga, wewe ukiwa umeketi hapo hapo, na Josphat akanileta kwake Nakuru ndio niwe karibu na hospitali. Wewe mwenyewe ulinishikia mkongojo nikiingia garini. Lakini kichwa chako kimeyaacha hayo yote njiani, kimerudi kule nyuma, miaka ya hamsini, wakati wa Imajensi, serikali ya wazungu ikiwasaka Mau Mau. Jamani, mahali pote pazuri tulipokaa, hicho kichwa hakikupata pengine pa kurudi?

Unaikumbuka laini, vile vibanda vyetu vya wafanyakazi? Wewe Mluhya wa kukamua ng'ombe za mzungu, mimi msichana wa Kikuyu wa kuchuma pareto, niliyezaliwa hapo hapo shambani. Kikuyu hukujua, Kiluhya sikujua, kwa hivyo tulipendana kwa Kiswahili cha kuokoteza. Siku moja ulikuja na kikombe cha maziwa umekificha ndani ya koti, nusu yamekumwagikia kifuani, ukaniambia, "Mimi nataka wewe." Kama mtu anayechagua kuku sokoni! Nilicheka mpaka kikapu kikaanguka, maua yote chini, nyapara akatutukana sote wawili. Moyoni nilikubali siku hiyo hiyo, ingawa nilikuzungusha mpaka mvua zilizofuata.

Halafu wakaja na lori. Wakikuyu wote watoke kwenye laini, warudishwe kwao. Kwetu wapi? Kwetu mimi ni Molo! Ulikimbia kutoka zizini na gambuti zako zimejaa matope, ukawaambia askari, "Huyu ni bibi yangu." Wakataka cheti. Tungekitoa wapi, na tulikuwa tumeoana kwa kuhamisha sufuria yangu kutoka kwa mama hadi kwako? Hiyo ndiyo ilikuwa harusi yetu, sufuria moja. Askari walicheka sana. Nikakuona ukibaki umeshika geti hilo hilo, enzi hizo likiwa la mzungu, kwa mikono miwili, nikatamani kuruka. Sikuruka kwa sababu Josphat alikuwa tumboni.

Huko walikonitupa, upande wa Nyeri, nilikuwa mgeni wa kila mtu. Josphat alizaliwa kwa mvua, kwenye nyumba ambayo haijaezekwa ikaisha. Sitaki kuyaongea hayo leo. Nataka uikumbuke siku niliyoruhusiwa kurudi, niliposhuka kwa lori ya magunia hapo getini, mtoto mgongoni. Ulikuwa umetoa mitungi ya maziwa ya asubuhi, unauliza dereva kama ulivyouliza madereva wote muda huo wote. Hukunikumbatia, hukulia. Uliniangalia tu, ukasema, "Umechelewa. Chai imepoa."

Nikakujibu, "Pasha basi."

Ndipo ukaketi chini barabarani.

Hata wiki haikuisha, ukanipeleka kwa padri. "Safari hii watakuta karatasi," ulisema. Gauni niliazima kwa mke wa mwalimu, mwanamke mnene yule, likakazwa kwa pini mgongoni mpaka nikaogopa kupumua. Ulipoinama kunibusu moja ikakuchoma kidole, ukaguta kanisani, "Uwi!" na watu wakapiga vigelegele wakidhani ni furaha. Tangu hapo, nikichelewa kurudi kutoka sokoni, au kanisani, au hata kwa jirani hapo tu, lazima uniambie chai imepoa. Na iko motoni inachemka, mwongo wewe!

Jumamosi hii tunatimiza miaka hamsini tangu ile karatasi. Josphat amekodi ukumbi hapa mjini. Kuna keki, kuna mtu wa kuongea kwa maikrofoni, kuna viti viwili vimefungwa utepe wa rangi ya dhahabu. Walituma gari likuchukue mapema, ukakataa kuingia. Ukawaambia, "Nikiondoka hapa, akirudi nani atamfungulia geti?" Wao wanasema ni ugonjwa. Sawa, ni ugonjwa, lakini mimi nimeishi na wewe, na hayo ni maneno yako.

Nimewaomba wanirudishe nyumbani. Nimeomba mpaka nimeona haya. Josphat akaniambia polepole, "Mama, hata ukienda hatakujua." Anadhani sijui? Pasaka waliponileta kukuona, ulinishika mkono kwa heshima, ukaniuliza, "Mama, wewe ni mtu mzima, umeona mengi. Hizi lori hupeleka watu wapi?" Nilijifungia chooni nikalia na leso mdomoni ili wasinisikie.

Naogopa, Baba Josphat. Naogopa utapata nimonia hapo nje ufe ukinitafuta, na mimi niko hai, nimeketishwa sebuleni kwa watu nakula chapati laini. Mchana kutwa nakuongelesha na hupo. Mungu wangu, tuvuke yale yote, halafu tumalizike hivi, kila mtu peke yake?

Sasa nisikilize. Gari ulilikataa kwa sababu wewe unangoja lori. Basi nitakuja na lori. Kuna kijana wa jirani yetu anayeleta viazi hapa sokoni, nimeshaongea naye. Jumamosi asubuhi akishapakua atanipitia. Ananiambia, "Shosho, kwa dereva ni juu, na hiyo nyonga utapandaje?" Nimemwambia nilipanda nyingine nikiwa na mimba.

Agneta, msomee baba yako haya kwa sauti. Na wewe Josphat ukiyasoma, usinizuie. Keki ilete nyumbani.

Nitashuka hapo getini na kitambaa changu cha manjano kichwani. Pengine utaona bibi kizee tu anashushwa kwa lori, na utamuuliza kama amemuona bibi yako. Ukiniuliza hivyo nitalia, nakuambia mapema. Halafu nitashika geti nisimame nawe, tumngoje huyo msichana wako pamoja mpaka baridi itufukuze tuingie ndani. Hata kama ni kila siku. Niite mama, niite shosho, lakini nifungulie.

Vaa koti, tafadhali. Na umwambie Agneta Jumamosi apike chai mapema, aiache ipoe.

Ni mimi mkeo, yule wa lori,
Mama Josphat