Kobe wa Njambi

Shangazi Wangeci,

Hili sijawahi kumwambia mtu: ninamwonea wivu Njambi wa darasa letu kwa sababu ya kobe.

Huku Machakos tuko salama, ila mvua imekawia. Njambi alimwokota huyo kobe barabarani Kalama, akamficha kwenye boksi nyuma ya maabara. Tangu hapo rafiki yangu Safiyo haji tena maktaba kusoma nami. Kila mapumziko anampelekea kobe sukuma wiki.

Ijumaa tulikuwa na mdahalo: je, sheria inayokataza kuokota wanyama watambaao porini ilegezwe?

Njambi alisema, "Ningemwacha, lori lingemkanyaga!"

Mimi nisiyezoea kuongea nikasimama. Nilisema ukimwokoa mvushe barabara, usimbebe, maana kila mtu akibeba mmoja pori litabaki tupu. Upande wetu ulishinda. Niliamini kila neno, Shangazi, lakini nilikuwa nikimtazama Safiyo tu.

Njambi alinijia akicheka. "Wewe Nyakio, kumbe uko na mdomo! Haya, kesho tunamrudisha."

Jumamosi tulienda sote watatu Kalama. Kobe alipoingia kichakani Safiyo alilia, na Njambi akamshika mkono. Walirudi hivyo hivyo hadi mjini. Mimi nilibeba boksi tupu, nikawafuata nyuma.

Akupendaye,
Nyakio