Mboni Yangu ya Kushoto

Lusajo mjukuu wangu,

Ndaga, asante kwa salamu zako. Huku Lufingo tu wazima, na migomba imezaa vizuri. Pole sana. Unauliza kama umwambie mchumba wako kwamba mboni yako moja imetanuka, na goti haliruki daktari akiligonga.

Nami yalinipata usichanani. Watu walisema nimerogwa, nikawa natembea nimeinamisha kichwa. Daktari akanieleza ni mishipa ya fahamu tu, haiui wala haiambukizi.

Babu yako alipokuja kunichumbia, nilimwambia. Akanitazama jichoni, akauliza, "Jua linakuumiza?"

"Sana."

Akavua kofia yake, akanivika.

Mwambie, mjukuu wangu, halafu usikilize atakachouliza kwanza.

Bibi yako anayekuombea,
Tupokigwe