Vinyonga Hawakuweza, Dada

Dada Ndeanasia, shikamoo.

Leo nimepanda kutoka Pasua kuja Mwika kupalilia kaburi lako, nikaona niketi hapa migombani nikuandikie.

Kihamba chetu, shamba la ukoo, usingekitambua. Baada ya kukuzika, kaka Prosper alikata miti yote ya kivuli. Alisema, "Mvua hazieleweki, kahawa haizai, kivuli cha nini?" Mfereji ulikuwa umeshakauka. Wewe, mwalimu wa baiolojia, ungekuwa na la kumjibu.

Mijusi hawajambo. Wale wenye vichwa vyekundu, uliokuwa ukiwaona Chekereni tu ulipofundisha kule bondeni kwenye joto, sasa wamefika ukutani kwetu. Asubuhi ya baridi wanajianika wakiwa weusi ili wavute joto. Jua likikaza wanaingia kwenye nyufa. Wanakula sisimizi, wanakula hata makombo ya ugali. Ulizoea kusema, "Mwili wa mjusi unajua kujipanga, mdogo wangu." Ni kweli. Naona wanavyonenepa, nawaonea chuki.

Vinyonga wale wa pembe mbili hawakuweza. Ulinieleza: vidole vyao vimeumbwa kukamata tawi, ngozi yao imezoea ukungu. Mti ukiondoka, hayo yote hayawafai kitu.

Siku ya msumeno nilimkuta mmoja kwenye tawi lililoanguka, bado amelikamata. Unajua Mama anavyomwogopa kinyonga. Siku ile alivua mtandio wake, akaulowesha, akanipa nimfunike. Nikapanda na kinyonga kuelekea msituni. Alinishika kidole kwa nguvu, akawa mweusi tii. Kabla sijafika alipauka, na vidole vikalegea.

Nilirudi na mtandio mtupu. Mama, ambaye hakutoa chozi siku tulipokuzika, alikaa chini mlangoni akalia mpaka majirani wakaja. Walidhani tumepata msiba mwingine.

Sasa anaishi nami Pasua. Haongei sana. Kaka anasema ataing'oa na migomba, isipokuwa hii inayokuzunguka. Simwamini, dada. Nimechoka hata kubishana.

Sitakuahidi kwamba vinyonga watarudi. Ulichukia kudanganywa. Nakuahidi hili tu: nikija kupalilia nitapanda mpaka ukingo wa msitu, nitachungulia matawi, na nisipoona kitu nitakuambia sikuona.

Pumzika, dada yangu.

Mdogo wako,
Aikaruwa