Suruali za Libère

Libère mwanangu, mwaka umetimia tangu tukuzike Ndera, na mimi mama yako bado sijatulia. Nakaa, nasimama. Naanza kukunja nguo, naziacha katikati.

Ulikuwa mtu wa watu. Kwenye duka lako la vipuri vya pikipiki, Gisimenti, kila dereva alipata kiti na Fanta hata asiponunua kitu. Pombe uliacha ulipooa. Nalisema wazi kwa sababu msibani walinong'ona, "Ini? Basi alikuwa anakunywa kwa siri." Hukunywa. Ilikuwa Fanta tu, mbili mchana, moja jioni, na mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma.

Kila Jumapili baada ya misa uliniletea zile suruali tatu ulizoshonewa Bujumbura, nizipige pasi. Ulisema hakuna anayenyoosha mstari kama mimi. Nikaona zinakubana. Sikusema. Kwetu mwanaume akiota kitambi anasifiwa, na mimi nilifurahi, nikasema mwanangu sasa anashiba. Nilifumua mshono wa nyuma, nikaongeza kidogo, nikapiga pasi, nikakurudishia. Mara nne katika miaka sita. Kiuno kilitoka sentimita tisini na mbili kikafika mia na nne. Namba nilikuwa nazo mimi peke yangu.

Ulipoanza kuchokachoka nilikusindikiza ukapimwe. Muuguzi akasema mafuta kwenye damu yamepanda, akauliza, "Papa, kiuno kimeongezeka?"

Ukacheka. "Mimi? Suruali hii ina miaka sita na inanitosha kama siku ya kwanza. Muulize mama."

Akanitazama. Nikaona aibu kukukosoa mbele ya mtu. Nikasema, "Ni ileile."

Alikuomba urudi kupima ini. Alisema mafuta yanayojaa tumboni yanaweza kujaa na kwenye ini, hata kwa mtu asiyekunywa, na halikuumi mpaka limeharibika. Hukurudi. "Mama, mtu ambaye hajanenepa anapimwa nini?" Nikanyamaza tena.

Madaktari waliposema ini limekuwa gumu, tumbo lilikuwa limeshajaa maji. Suruali ya kukuzikia ilikuwa moja ya zile tatu, niliipanua mimi. Mshono haukuwa na kitambaa tena cha kufumua, nikaongeza kipande kingine nyuma, mahali ambapo watu hawataona.

Médiatrice, mkwe wangu, unayajua haya leo kwa kuyasoma katika tangazo hili. Nilishindwa kukuambia uso kwa uso. Nisamehe, mwanangu.

Libère, mwezi uliopita mdogo wako Silvère alikuja na suruali yake mkononi. "Mama, imenibana. Niongezee kidogo."

"Siongezi."

"Eh! Sindano imekushinda? Umezeeka, mukecuru!"

Nikamkalisha, nikamweleza yote, kuanzia mshono wa kwanza mpaka kile kipande. Hakucheka tena. Alichukua suruali yake akaondoka bila kuaga. Siku tisa hakupiga simu. Nilikuwa nakwenda mpaka getini, narudi, nakwenda tena, nikisema sasa na huyu nimempoteza.

Siku ya kumi alinipigia mkewe, Uwase. "Mama, amepimwa. Mafuta kwenye damu yamepanda, na ini lina mafuta."

Nikaanza kuita jina lako, Libère.

"Mama, unasikia? Halijawa gumu. Daktari amesema akipunguza tumbo, ini linaweza kupona. Sasa anarudi nyumbani kwa miguu kutoka Kicukiro, na ananuna kama mtoto kwa sababu ya Fanta."

Atapimwa tena mwezi wa sita. Mpaka siku hiyo nitaendelea kukaa na kusimama. Neno nililokunyima wewe, mwanangu, nimempa mdogo wako. Lilipaswa kuwa lako kwanza.

Jumamosi saa tatu asubuhi tutakuombea misa, sisi sote: mke wako Médiatrice, watoto wako Kaze na Ihirwe, mdogo wako Silvère na mkewe Uwase, na mimi mama yako, Kabagwira. Hatutakusahau, Libère, siku zote tutakazojaliwa.